Hazina iliyozikwa Ukambani: Nani aliyeiona?

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hivyo ndivyo utakavyojibiwa, msomaji, ukithubutu kucheka wakati mtu anapokusimulia habari za mali iliyozikwa Kitui na Makueni. Utaambiwa juu ya sanduku la Mjerumani. Utaambiwa juu ya pembe za ndovu za tajiri aliyeuawa njiani kabla hajafika nyumbani. Utaambiwa pia juu ya machimbo ambayo Mzungu aliyaziba kwa saruji, kisha akaondoka na ramani mfukoni. Kila msimulizi ana binamu yake aliyekaribia kuiona mali hiyo kwa macho. Aliyeiona hasa hapatikani.

Basi wikendi moja jaza tangi, beba maji ya kutosha na uwachukue watoto, kwa maana ubishi huu unafaa kufanywa palepale unapohusu. Toka Nairobi upitie Machakos, Wamunyu, hadi mjini Kitui. Kutoka hapo shuka kusini kupitia Mutomo na Ikutha, uvuke mto Athi, utokee Kibwezi kwenye barabara kuu ya Mombasa, kisha urudi nyumbani. Zamani sehemu ya kusini ya njia hii ilikuwa vumbi tupu, na dereva wa matatu aliyeijua alihesabiwa kuwa fundi. Siku hizi kuna lami kutoka Kitui hadi Kibwezi, na siku mbili zatosha bila kukimbizana.

Tuanze na jina lenyewe. Wenyeji husema Kitui maana yake ni mahali panapofuliwa vyuma, na kwamba waliopaita hivyo ni wahunzi wa Kikamba waliokaa huko kabla ya ukoloni. Sasa jiulize: wahunzi hao walipata wapi chuma? Wapenda hazina watakuambia kulikuwa na mgodi mkubwa ambao mlango wake umesahauliwa. Jibu ni jepesi zaidi, tena lipo chini ya miguu yako. Mvua ikisha kunyesha, tazama mchanga wa kijito chochote huko, utaona michirizi myeusi inayong'aa. Huo ni mchanga wa chuma. Chukua sumaku ya mtoto uipitishe juu yake, utaona inavyoota ndevu. Wahunzi waliukusanya mchanga huo, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe, mishale na mikufu myembamba ya ajabu. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliyefika huko katika karne ya 19 aliandika kwamba watu wa Mombasa walikipenda chuma cha Ukambani kuliko kile kilichotoka Bara Hindi. Kwa hiyo mgodi haukupotea hata kidogo. Kila masika mto huuleta upya.

Krapf huyo ndiye anayetufikisha kwenye kisa cha pembe, nacho nakipa heshima kuliko vyote kwa sababu mzizi wake ni wa kweli. Katikati ya karne ya 19 Kitui kulikuwa na mfanyabiashara mashuhuri aliyeitwa Kivoi wa Mwendwa. Misafara ya Wakamba wakati huo ilikuwa na mamia ya watu, ikibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kivoi alimkaribisha Krapf kwake, na ni kutoka Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf alipouona mlima wenye theluji ambao Kivoi alimtajia kwa jina la Kikamba. Jina hilo, likisha kupita katika kinywa na kalamu ya Krapf, ndilo lililokuja kuwa jina la nchi yetu. Mwaka 1851 Krapf alirudi. Yeye na Kivoi wakashika njia kuelekea mto Tana, na karibu na mto huo wanyang'anyi wakawavamia. Kivoi akauawa. Wafuasi wake wakatawanyika.

Yaliyompata Krapf baada ya hapo yangetosha kutengeneza filamu. Alipotea peke yake nyikani, akateka maji ya Tana katika mtutu wa bunduki kwa kuwa hakuwa na chombo kingine, na kwa njaa akala hata baruti. Alipofika kwa jamaa za Kivoi hawakumpa pole. Walimlaumu kwamba mgeni wa Kivoi alipaswa kufa pamoja naye, na maisha yake yakawa hatarini hadi alipotoroka usiku na kurudi pwani.

Hapo sasa hoja huzaliwa. Tajiri amekufa ghafla, mbali na kwake, bila kuaga. Je, pembe zake zilikuwa wapi? Upande mmoja wa ubishi husema zimezikwa, na hoja hiyo si ya kijinga, kwa maana wafanyabiashara wa pembe mahali pengi Afrika walizificha ardhini kwa kuogopa moto na wezi. Mimi niko upande wa pili. Kwanza, tajiri wa Kikamba hakulala juu ya pembe. Aliziuza akanunua ng'ombe na mbuzi, na ng'ombe hawazikwi, bali hurithiwa. Pili, Kivoi alikuwa na wake, watoto na watumishi. Pembe moja kubwa ni mzigo kamili wa mpagazi mmoja, na kama ziliwahi kuzikwa pembe za msafara mzima, watu wengi walilijua shimo. Wewe waonaje, jamaa waliokuwa tayari kumuua Mzungu kwa ajili ya ndugu yao wangeiacha mali yake ioze? Tatu, ardhi yenyewe. Pembe iliyofukiwa katika udongo unaolowa wakati wa mvua za Novemba na kupasuka wakati wa kiangazi huchanika tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Baada ya zaidi ya miaka 170, mwenye kulifukua shimo hilo atapata vipande vya kuchezea watoto.

Kabla hujatoka Kitui, nenda ukaone jiwe la Nzambani, kilomita chache kutoka mjini. Ni mwamba mkubwa uliosimama peke yake, na ukisha kulipa kiingilio utapanda juu kwa ngazi za chuma. Hadithi yake inajulikana nchini kote: ukilizunguka mara saba utageuka, mwanamume awe mwanamke na mwanamke awe mwanamume. Watoto wako watataka kujaribu. Waache, kwa maana vichaka na joto la saa sita huwashinda wengi kabla ya raundi ya pili. Ninalolipenda katika hadithi ya Nzambani ni kwamba haikumfilisi mtu yeyote.

Hadithi za hazina hufilisi, na ndiyo sababu naona zafaa kubishiwa kwa dhati, si kuchekwa tu. Kuna watu wanaouza mbuzi walipe mganga wa kuwaonyesha mahali pa kuchimba. Kuna mibuyu na mikuyu mikubwa inayochimbwa mizizi hadi ianguke, kwa sababu mtu fulani alisema mti mkubwa ni alama. Miti kama hiyo ndiyo iliyokuwa mathembo, mahali pa ibada ambapo wazee wa Kikamba walitolea sadaka wakati wa ukame, na ambapo haikuruhusiwa kukata hata kijiti. Mtu wa leo akisikia mahali fulani palikatazwa kuguswa, hudhani kuna kitu kimefichwa. Ni mara ngapi umemkataza mtoto wako kugusa kitu ambacho hukukificha?

Wala si Ukambani peke yake. Mwaka 2009 huko Saudi Arabia ulizuka uvumi kwamba cherehani kuukuu za Singer zina zebaki nyekundu yenye thamani kubwa. Watu wakazinunua kwa bei za kushangaza, wengine wakaziiba kwa mafundi, kisha ikabainika kwamba sindano za cherehani hazina lolote ila kutu.

Ukishuka kuelekea Mutomo, udongo hugeuka mwekundu na mawe huanza kumeta. Hapa dereva akitaka kusimama asimame. Okota kipande cha jiwe kando ya barabara ukigeuze juani, utaona vipande vyembamba kama magamba ya samaki vinavyong'aa rangi ya dhahabu. Si dhahabu, msomaji. Ni ulanga, madini yanayobanduka karatasi kwa karatasi ukiyakwaruza kwa ukucha. Naamini nusu ya hadithi za dhahabu za Kitui zimezaliwa na jiwe hili.

Dhahabu ya Kenya iko magharibi. Ilipovumbuliwa Kakamega mwaka 1931, wazungu walimiminika huko kwa mamia, na mgodi wa Rosterman ukachimbwa hadi mwaka 1952. Huko Kakamega na Migori miamba ni ya kale sana na ya aina inayobeba dhahabu. Miamba ya Kitui na Makueni ni ya ukoo mwingine. Ni mawe yaliyopikwa na kukandamizwa chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana, na hutoa marumaru, mawe ya chokaa, grafaiti ya kutengenezea kalamu za risasi, na vito hapa na pale. Huko Kinyiki karibu na Mtito Andei kuna madini ya jamii ya ulanga ambayo ukiyatia motoni hufura na kurefuka kama mnyoo. Na ile ramani ya Mzungu? Ilikuwapo kweli. Wanajiolojia wa serikali ya kikoloni walipita Kitui na kusini mwa Machakos katika miaka ya 1950, Makueni ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, wakachora ramani mwamba kwa mwamba. Kisha hawakuificha hata kidogo. Waliichapisha.

Atakayebisha atakuuliza habari za makaa ya mawe, na hapo ana haki. Katika bonde la Mui, mashariki mwa Kitui, serikali ilianza kutoboa visima vya utafiti mwishoni mwa miaka ya 1990, na hatimaye ikatangazwa kwamba sehemu moja tu ya bonde hilo ina tani milioni 400. Desemba 2013 mkataba wa kuchimba ulitiwa saini na kampuni ya Kichina. Basi hazina ilipatikana, tena hadharani, na kilichofuata si sherehe. Wenye mashamba walianza kuuliza watahamishiwa wapi, makaburi ya wazazi wao yatafanywaje, na fidia itapimwa kwa kipimo gani. Miaka ikapita bila mgodi kufunguliwa, na katika kungoja huko mtu hajui kama ajenge nyumba ya mawe au asijenge.

Kwa hiyo jambo moja lafaa kila familia yenye shamba huko ilijue. Kwa Katiba yetu, madini yaliyo chini ya shamba lako si yako, ni ya taifa, hata kama hati miliki iko sandukuni mwako. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali machimbo yalipo. Anayekunong'oneza kwamba atakununulia shamba bei ya juu kwa sababu ya kilicho chini, au bei ya chini kwa sababu hakuna kitu, mwombe arudi mchana mbele ya wazee na wakili. Na ukitaka kujua vito vinaweza kufanya nini, tazama kaunti jirani ya Taita-Taveta. Campbell Bridges, mwanajiolojia aliyekitambulisha duniani kito cha kijani cha tsavorite, aliuawa huko mwezi Agosti 2009 katika ugomvi wa machimbo.

Sasa tuko Ikutha, na hapa ndipo Mjerumani anapoingia. Hadithi yasema askari wa Kijerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza walizika sanduku la sarafu za dhahabu walipokuwa wakikimbia. Ni kweli kwamba Wajerumani waliishi Ikutha, lakini walikuwa wamisheni Walutheri waliofika mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakajifunza Kikamba na kuzika watu wao waliokufa kwa homa. Ni kweli pia kwamba mwaka 1915 vikosi vidogo vya Wajerumani vilivuka nyika kutoka upande wa Kilimanjaro kuja kulipua reli ya Uganda katika sehemu hizi. Hata sarafu za dhahabu zilikuwako. Zilikuwa za rupia 15, zenye picha ya ndovu, na zilipigwa Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, jumla yake zipatazo 16,000.

Lakini tazama tarehe. Sarafu hizo zilipigwa mwaka 1916, baada ya Waingereza kumfukuza Mjerumani kutoka Taveta mwezi Machi mwaka huohuo. Walipokuja kulipua reli mwaka 1915, hakukuwa hata na sarafu moja ya kuzika! Waliokuja walibeba baruti na maji, na wengine maji yaliwaishia. Anayetaka sarafu ya ndovu aende akaitafute Tabora, ingawa huko nako wameshachimba mno.

Zipo hata hivyo rupia ambazo mtu huweza kuzikuta kweli katika chungu cha bibi yake. Hizo ni rupia za fedha za Kihindi, zilizotumika Kenya hadi miaka ya 1920 na 1921 zilipoondolewa na mahali pake ikaja florini, kisha shilingi. Mwenye kuzificha ili alipe kodi ya nyumba, kisha akafa, aliziacha pale. Ni gramu 11 na ushei za fedha, basi. Hazivuti mchele wala hazizimi redio, na anayekuambia zinauzwa mamilioni ana haja na pesa zako.

Kuna rupia nyingine, na hizi ndizo zinazoniuma. Katika vita hivyohivyo Wakamba kwa maelfu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, katika kile kikosi ambacho jina lake limebaki Nairobi katika mtaa wa Kariokor. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kenya walikufa, wengi kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Mishahara yao iliandikwa vitabuni. Waliokufa hawakuja kuichukua, na jamaa zao hawakulipwa. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho, alidai kwa miaka mingi fedha hizo zitolewe, na serikali ya Uingereza ikakataa. Ikiwa kuna mali ya Ukambani iliyopotea, ambayo kiasi chake kilijulikana na mwenyewe alijulikana kwa jina, basi ni hiyo, na haikuzikwa chini ya mbuyu wowote.

Kilichorudi kutoka vitani ni kitu kingine. Unakumbuka Wamunyu, tulikopita jana asubuhi? Mzaliwa wa huko, Mutisya Munge, alipelekwa Tanganyika wakati wa vita, akajifunza kwa Wazaramo kuchonga vinyago vya kuuza. Aliporudi alianza kuchonga nyumbani, wengine wakajifunza kwake, na kutoka hapo kazi hiyo ikaenea Nairobi, Mombasa na Malindi. Hata twiga wa mti aliye juu ya kabati lako la sebuleni huenda asili yake ni safari hiyo. Ubaya wake ni kwamba mipingo ya Ukambani ilikatwa karibu ikaisha.

Ukitoka Ikutha kuelekea Kibwezi, utapanda kilima kirefu kilichonyooka kama ukuta, ambacho mwisho wake huuoni kulia wala kushoto. Ni Yatta, mto wa lava iliyoganda wenye urefu wa kilomita zipatazo 300, miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Lava hiyo ilitiririka ndani ya bonde la mto wa kale, ikaganda. Baadaye mvua za mamilioni ya miaka zikala ardhi laini ya pande zote mbili, na lililokuwa bonde likabaki juu kama mgongo. Waeleze watoto polepole, hawatasahau. Nikiwa mimi ndiye mtunga hadithi za hazina, ningeizika hapa, katika mto uliofunikwa na jiwe, na hakuna ambaye angenisumbua.

Chini yake ni Athi. Kwenye mito midogo ya Makueni kama Thwake na Kaiti utaona, msimu wa kiangazi, mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, na akina mama wamechimba visima vya kina cha mkono wakiteka maji safi kwa kata. Mchanga huo hushika maji kama sifongo miezi mingi baada ya mvua. Ndio huohuo uliokuwa ukipakiwa malori usiku na mchana kupelekwa Nairobi kujengea magorofa, hata mito mingine ikabaki mwamba na visima vikakauka. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kudhibiti uchotaji wa mchanga, baada ya ugomvi uliomwaga damu. Ukirudi nyumbani, gonga ukuta wa nyumba unayoipanga. Huenda kisima cha mtu kimo humo.

Makueni ina hadithi moja ya pembe ambayo hesabu yake ipo. Serikali ya kikoloni ilipotaka kufungua eneo hilo kwa makazi katika miaka ya 1940, ilimtuma mwindaji J. A. Hunter awaondoe vifaru. Kati ya mwaka 1944 na 1946 aliwaua karibu 1,000. Pembe zao zilikuwa mali ya serikali, kwa hiyo hakuna haja ya kuzitafuta vichakani. Hunter mwenyewe alifanya makao yake upande wa Makindu, na hoteli yenye jina lake ilijengwa Kiboko, kando ya maji.

Utafika Makindu umechoka na watoto wana njaa. Simama kwenye hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 na waliofanya kazi ya reli. Vua viatu mlangoni, jifunike kichwa kwa kitambaa utakachokikuta hapo, uoshe mikono, kisha uketi. Utaletewa chapati, dengu na chai ya maziwa, na hutaulizwa dini yako wala kudaiwa senti. Nairobi ni mwendo wa saa tatu kutoka hapo, kama malori hayakufunga njia.